Mheshimiwa Aliyekuwa

Sentensi iliyonitia mashakani ilikuwa fupi: "Sasa namkaribisha aliyekuwa mwakilishi wa wadi yetu." Mtu mwenyewe hakuinuka. Alibaki kitini pale meza kuu, mkono juu ya chupa ya maji, macho kwenye goli la mbali, kana kwamba aliyeitwa ni mtu wa mtaa wa pili. Nikadhani spika zimekoroma. Nikarudia, mara hii nikatia jina lake na la babake. Aliyeinuka ni kijana wake, akaja mpaka niliposimama akaninong'oneza: "Amesema yeye si aliyekuwa. Yeye yupo."

Ilikuwa fainali ya mpira wa vijana, uwanja wa vumbi huko Kisauni, Mombasa, saa kumi za jioni, na watu walikuwa wakingoja kuona nani atabeba kikombe. Haukuwa wakati wa kujadili sarufi. Nikasema "Mheshimiwa", akainuka palepale, akapunga mikono yote miwili, na watu wakampigia makofi, maana alikuwa amewaletea jezi na watu wa Kisauni hawana inda na mtu aliyekuja na jezi. Usiku wake mwandalizi alinipigia simu kunieleza kwamba nimekosa adabu. Salio la malipo yangu lilikuja baada ya wiki tatu, na nusu yake ilikuwa maneno.

Mimi ni emsii. Kwenye kadi za harusi huandikwa mshereheshaji, lakini mtaani ni emsii tu. Nimeifanya kazi hii tangu kabla ya kaunti kuwapo: harusi, harambee za madrasa, siku za wazazi shuleni, fainali kama hiyo. Mtu wa nje hudhani kazi yenyewe ni kuchekesha watu. Nusu yake ni vyeo. Napewa karatasi iliyokunjwa yenye majina ya wakubwa, na karatasi hiyo hubadilishwa mara tatu kabla ya dua ya kufungulia, kwa kuwa kila anayewasili huja na cheo ambacho hakikuandikwa. Kinga yetu ni moja, "itifaki imezingatiwa", maneno mawili yanayoweza kumeza meza kuu nzima. Lakini aliyemezwa humo hujijua, na akishakamata kipaza sauti hujitapika mwenyewe.

Baada ya kisa cha Kisauni nilikaa nikapiga hesabu. Kaunti yetu, nambari 001, huchagua gavana na naibu wake, seneta, mwakilishi wa wanawake, wabunge 6 na wawakilishi wa wadi 30. Hao ni waheshimiwa 40, hujagusa walioteuliwa. Tumepiga kura 2013, 2017 na 2022 (ile ya gavana ikaahirishwa mpaka tarehe 29 Agosti, tukapanga foleni mara mbili), na tarehe 10 Agosti 2027 tutapiga tena. Kila mara wako wanaoangushwa. Funguo za ofisi hurudishwa, gari hurudishwa, walinzi huondoka. Lile neno peke yake ndilo halina karani wa kulipokea. Nchi nzima ina wadi 1,450. Piga hesabu mwenyewe tutakuwa na waheshimiwa wangapi baada ya chaguzi nyingine mbili, na mimi napewa dakika 5 za kutambulisha wageni.

Wala si kwamba Kiswahili kimetunyima maneno. Tunayo matatu, na kila moja lina mahali pake. Mstaafu ni mtu aliyemaliza. Neno limetoka Kiarabu, na huko asili yake ni kuomba kuachiliwa, kwa hiyo ndani yake mna mtu aliyejipeleka mlangoni mwenyewe, au muda wake umetimia na sheria ikamfungulia. Daniel arap Moi alikabidhi madaraka tarehe 30 Desemba 2002 kwa kuwa katiba haikumruhusu kugombea tena, akaishi miaka 17 akiitwa rais mstaafu, mpaka alipofariki Februari 2020. Mwai Kibaki vivyo hivyo, tangu 2013 hadi 2022. Jaji David Maraga alifikisha umri wa miaka 70 akatoka Januari 2021, na kumwita jaji mkuu mstaafu hakumuumizi mtu.

Wa zamani ni neno pana, na ndilo linalochukiwa kuliko yote. Nilimsikia mwanasiasa mmoja pale Makupa akilalamika kwamba vitu vya zamani viko Ngomeni, Fort Jesus, na vinaingiwa kwa tiketi. Nilicheka, kwa sababu ni kweli.

Aliyekuwa ni neno la magazeti, na kwangu ndilo la haki zaidi. Lasema kazi uliifanya na kazi imekwisha. Halisemi uliondokaje, na hapo lakusitiri. Mtu aliyeangushwa na wapiga kura hakuomba kuachiliwa, aliomba kubaki, akanyimwa. Kwa hiyo "mbunge mstaafu" ni msemo wa kujiliwaza, na katika miaka yangu yote ya maikrofoni sijausikia ukitoka kwa yeyote isipokuwa mwenyewe, au kijana wake wa kushika simu.

Halafu kuna Mheshimiwa lenyewe. Tazama mwisho wake, hiyo -wa. Ni mtu anayeheshimiwa, na wanaomheshimu hawakutajwa. Wako nyuma ya neno wamekaa, wanasikiliza. Mtu hawezi kujitendea jambo hilo peke yake. Aweza kujiheshimu, naam, lakini hilo ni jambo jingine, ambalo hata sisi tusio na cheo twaruhusiwa.

Nimekulia katika nyumba ya Majengo ambako redio ilifunguliwa saa moja ya usiku kwa taarifa ya habari, na taarifa ilianza na "Mtukufu Rais". Amefungua, amehutubia, amesali. Kila jioni nyanyangu, akipeta mchele, alijibu redio kwa sauti ya chini: "Utukufu ni wa Mungu." Hakuwa mwanasiasa, wala hakuwa na ugomvi na Moi. Neno tu ndilo lililomkera, kama mtu aliyeona kanzu ya msikiti imevaliwa gengeni. Basi ikaja 2002, na neno likaondoka. Mzee alikwenda zake Kabarak na lile Mtukufu halikupanda gari pamoja naye. Sijawahi kusikia mtu akisema "Mtukufu Rais mstaafu". Neno lililokuwa likisomwa kila siku kwa miaka lilizimika kama taa, na hakuna aliyedhurika. Ndiyo maana wanaponiambia kwamba kumvua mtu Mheshimiwa ni kumvunjia heshima, mimi namkumbuka nyanya na ungo wake.

Nilipeleka mashtaka yangu barazani. Kuna baraza moja Mji wa Kale ambapo baada ya Isha hupita mwenye kahawa na dele lake, na ambapo hakuna hoja inayomalizwa siku ileile. Mzee mmoja aliyekuwa karani bandarini (yeye mwenyewe hujiita aliyekuwa, na simtaji kwa jina) alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Nahodha akiuza jahazi lake, kesho wamwita nani?"

Nikasema nahodha.

"Na mwalimu akitoka skuli?"

Mwalimu.

"Basi mbunge amekukosea nini?"

Wenzake wakacheka, nikanywa kahawa yangu, nikaenda nyumbani bila jibu. Lilinijia baada ya siku mbili, nikiwa kwenye feri ya Likoni, mahali ambapo mtu hana la kufanya ila kufikiri. Nahodha akiuza jahazi, bahari bado anayo kichwani. Mkabidhi usukani usiku, ataupitisha mlango wa Kilindini. Mwalimu ukimpa chaki leo atafundisha. Mbunge ukimwingiza bungeni baada ya kushindwa, askari wa mlangoni atamwonyesha njia ya wageni. Kazi yake haikuwa ndani yake. Ilikuwa katika kura zetu, na kura tulimpa za miaka mitano.

Nikarudi barazani na jibu langu, na la Nyerere pia. Mtu huyu alikuwa waziri mkuu, akawa rais mpaka 1985, na cheo alichobaki nacho mpaka anafariki Oktoba 1999 ni kile alichokipata darasani Pugu kabla ya yote hayo: Mwalimu. Urais aliuacha ofisini. Na ni katika zile ahadi za mwana-TANU, chama chake, kwamba "Cheo ni dhamana. Sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Dhamana sisi watu wa Mombasa twaijua hasa kwenye korti ya Shanzu, na huko, shughuli ikiisha, hurudishwa kwa mwenyewe.

Karani akatikisa kichwa, hakukubali. Akaniambia nitazame karibu zaidi kuliko Pugu. Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki 1947, na mji mzima mpaka leo wamwita Sheikh Al-Amin; ukadhi ni ofisi, usheikh ni elimu, na kilichobaki ni elimu. Mwanawe Ali Mazrui alizikwa hapa Oktoba 2014, kwenye makaburi ya ukoo yanayotazamana na Ngome, na hakuna aliyehitaji kuuliza kama profesa anakufa na uprofesa wake. Na Liwali? Alikuwa mkubwa wa pwani yote, akiketi kwa niaba ya Sultani wa Unguja chini ya Waingereza. Uhuru ulipokuja 1963, Kadhi alibaki, na leo yumo katika katiba ya 2010, kifungu cha 170. Uliwali ukaisha. Sir Mbarak Ali Hinawy amebaki kwenye kibao cha barabara Mji wa Kale, na kile kibao kinasema Sir, hakisemi Liwali. "Sir ni cha Waingereza," karani akasema, "wakikupa hawakunyang'anyi." Sikujua alikuwa upande gani kufikia hapo. Nadhani hata yeye hakujua, kahawa ilikuwa ya nne.

Lakini barazani palepale palikuwa na mtu aliyeivuruga hoja yangu yote, naye hakufungua mdomo. Ni mzee wa miaka themanini na kitu, aliyekuwa diwani wa baraza la mji zamani za mameya. Mabaraza yale yalivunjwa 2013. Hakuna tena meya wa Mombasa, hakuna tena diwani wa aina ile. Hata hivyo mtaa mzima humwita Kansela. Watoto waliozaliwa baada ya ofisi yenyewe kufa humwita Kansela, wengine wakidhani ndilo jina aliloitwa na mamake. Mwenye kahawa humpa kikombe cha kwanza. Kwa kanuni yangu mpya alipaswa kuwa "Mzee" na basi.

Nikamuuliza kwa nini hajakataa. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana kivuli. "Mwanangu, mimi sijiiti. Mtu akija akaniita nikakataa, nitakuwa nimejiona."

Wengine ndio walionieleza. Mtaro ule unaopita nyuma ya nyumba, ambao mvua za masika zilikuwa zikiujaza mpaka maji yakaingia jikoni mwa watu, yeye ndiye aliyeng'ang'ana mpaka ukachimbwa. Bomba la pale pembeni, yeye. Akashindwa uchaguzi uliofuata, na asubuhi ya pili alikuwa kwenye mtaro uleule na fimbo, akiwakemea waliotupa taka. Kwa hiyo Kansela si cheo tena. Limekuwa jina la utani la mtu anayesimamia mtaro. Nimejaribu kulipatia kanuni jambo hili nimeshindwa, isipokuwa hii: yeye hakumtuma kijana aje kuninong'oneza.

Raila Odinga naye alikuwa hivyo, kwa ukubwa wake. Kiti cha waziri mkuu kiliundwa 2008 kutokana na mapatano ya baada ya ghasia, kikafa 2013 pamoja na serikali ile. Magazeti yaliandika "waziri mkuu wa zamani" kwa miaka 12 iliyofuata. Alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025, habari zilipoingia Mombasa asubuhi ile, niliwaona wanaume wa Mwembe Tayari wamesimama wamejishika vichwa, na hakuna niliyemsikia akimlilia waziri mkuu. Walikuwa wakisema "Baba". Hilo halikuandikwa katika gazeti la serikali na halikuwa na muda wa kuisha.

Wanawake wana kisa chao, na sijui kwa nini hakizungumzwi. Katika karatasi ninazopewa, mwanamume aliyetoka madarakani miaka kumi iliyopita huandikwa Mheshimiwa. Mwanamke aliyetoka mwaka jana huandikwa Mama fulani. Huyu wa kwanza akitajwa bila cheo hununa, na huyu wa pili akitajwa bila cheo hakuna anayegundua, pengine hata yeye ameshazoea. Tangu niligundue hilo, nimekuwa mkali zaidi kwa wale wanaonuna.

Ukali wangu una sababu nyingine, nitaisema haraka. Nilimpeleka mamangu kliniki, mahali nisipopataja, tukapanga foleni tangu saa kumi na mbili. Saa tatu akaja mtu na kanzu iliyopigwa pasi, akasimama dirishani akasema, "Mimi Mheshimiwa fulani." Alikuwa ameanguka uchaguzi mara mbili. Akafunguliwa mlango wa pembeni. Mamangu, ambaye magoti yake hayajui nani alishinda kura, akaniuliza ni nani yule. Nikamwambia. Akasema, "Kumbe bado?" Tuliingia saa sita.

Ndiyo maana sikubali wanaposema ni maneno tu. Neno lilifungua mlango. Watu wakipigania bendera kwenye magari ndipo utajua kwamba si mapambo. Mwaka 2014 sheria ilipitishwa Nairobi kuwazuia magavana kupeperusha bendera ya taifa kwenye magari yao, na kelele zake zilisikika mpaka huku. Na kwa marais wastaafu sheria ya 2003 imeandika wazi wanachopewa, pensheni, magari, ofisi, wafanyakazi, na ikawataka pia wasishike wadhifa chamani baada ya miezi 6. Unaweza kubishana na kiwango cha pesa, mimi hubishana, lakini angalau limeandikwa na lina mpaka. Mheshimiwa wa dirishani hana karatasi wala mpaka.

Kuna jamaa zetu walioko Marekani ambao husema huko ndiko ustaarabu ulivyo, kwamba rais akitoka huitwa Rais mpaka kaburini. Ni kweli huitwa hivyo sasa, Clinton, Bush, Obama, wote. Lakini ni nchi ambayo katiba yake inaizuia serikali kuu kutoa vyeo vya kimwinyi, na wa kwanza wao, George Washington, aliporudi shambani kwake 1797 alirudia kuitwa Jenerali. Eisenhower alipotoka 1961, bunge lao lilimrudishia cheo chake cha jeshi, na jenerali ndilo alilolipenda. Ninayempenda mimi ni John Quincy Adams. Alishindwa urais, akagombea ubunge, akaingia bungeni 1831 akakaa huko mpaka alipofia katika jengo lilelile 1848, akibishana juu ya utumwa na watu waliokuwa watoto alipokuwa balozi. Hebu mfikirie mtu wetu mmoja, aliyekuwa gavana, akiomba kura ya wadi. Angeuliza kwanza nani atamtambulisha.

Nimebadilisha kazi yangu kidogo. Siku hizi natamka jina, kisha kazi aliyoifanya, kisha miaka: "aliyekuwa mwakilishi wa wadi yetu tangu 2013 mpaka 2017." Nikijua jambo moja alilolifanya, nalitaja. Nimegundua kwamba wengi hawachukii aliyekuwa likifuatwa na kitu. Wanachokichukia ni lile neno likiachwa peke yake, likining'inia. Shida ni kwa wale ambao nikitafuta cha kutia baada yake sikipati, nauliza kwa majirani nao hawakipati, basi hapo narudi kwenye itifaki imezingatiwa na kumwomba Mungu.

Watu wa kale walisema aliye juu mngoje chini. Tulingoja. Hawakutuambia la kufanya na aliyeshuka akakataa kukanyaga ardhi.

Wiki iliyopita alinipigia kijana mmoja wa Kongowea, dadake anaolewa mwezi ujao. Tukapatana bei bila tabu. Mwisho akasema, "Ami, ukifika kunitambulisha, sema Mheshimiwa."

Nikamuuliza wa wapi. Akataja wadi. Nikamwambia mwakilishi wa wadi hiyo namjua, na si yeye.

"Wa 2027," akasema.

Miezi yote hii nilikuwa nikigombana na waliotoka, kumbe wako waliokwisha kulivaa wangali nje ya nyumba. Nikamuuliza anafanya kazi gani sasa. Ana duka la vipuri vya tuktuk na mafundi wawili. Nikamwambia hiyo ni kazi nzuri, nitaandika "kaka wa bibi harusi, mwenye duka la vipuri". Akanyamaza. Nikasikia pikipiki zikipita upande wake wa simu. Kisha akauliza kama akiongeza elfu mbili itawezekana.

Nilimwambia nitafikiri. Harusi ni Jumamosi ya tatu.